Chapati za Ouma, kutoka Ogwedhi mpaka Magunga

Sasa wacheni kuniuliza mmoja mmoja. Kila mtu akileta redio nimtengenezee, mdomo yake ni hiyo tu: "Kwani Magunga kulienda aje?" Nikieleza, Were wa baiskeli anadakia anaongeza yake, mpaka saa hii kuna watu hapa stendi wanaamini tulikimbizwa na nyati. Hakuna nyati. Naandika hii mara moja, msome, mpatiane. Mwenye atauliza tena bila kusoma, redio yake atapata imerudi vipande.

Ouma wengi wenu mnamjua, lakini tangu Migori ipewe distrikti yake wageni wamejaa, kwa hivyo nitaanzia mbali kidogo. Ouma si ndugu yangu wa damu. Tulipangisha chumba kimoja Oruba, hapa Migori, tukala sufuria moja, basi yeye ni ndugu yangu, na mtu asinibishie. Kabla aje Migori alikuwa mpishi wa chapati kwa hoteli ya Mama Akumu kule Magunga. Watu walikuwa wanatoka mbali kwa sababu ya hiyo chapati. Halafu akili yake ikagonjeka. Akaanza kusikia unga ikimwongelesha. Siku ya soko akachukua chapati yote akalisha mbuzi, akavua nguo, akasimama katikati ya barabara akahubiri. Watu wakamrushia mawe. Mwishowe akafungwa kamba kwa mti wa mashine ya kusaga unga, akakaa hapo mpaka mamake akapata gari ya kumleta hospitali.

Alipona. Sindano, vidonge, na kulala vizuri. Lakini kamba iliacha alama kwa mikono yake, pale juu ya kiganja, mistari miwili kama bangili. Ndio sababu anavaa shati ya mikono mirefu hata jua ikiwaka, hata akikanda unga. Mimi nimemuuliza mpaka nikachoka: "Omera, ndugu yangu, ni nani alikufunga?" Anasema tu, "Nikikuambia utaenda kumpiga." Na ni ukweli. Ningeenda.

Pale hospitali kuna nesi wa wagonjwa wa akili, Sista Rose, mama mfupi mwenye hacheki ovyo. Yeye ndiye aliwakusanya wenye walipona wawe wanakutana karibu na tangi ya maji, kila mtu aeleze yake. Siku moja akawaambia, "Ugonjwa nimewatibu. Lakini hii ya watu kuwaogopa, sindano yake sina. Hiyo ni nyinyi mtaenda kuongea."

Wakati huo huo Mama Akumu akatuma neno. Mpishi wake ameoa ameenda. Akasema hivi: Ouma aje siku moja ya soko, apike mbele ya watu. Wakikula, jiko ni yake. Wakikataa, asimlaumu, hoteli ndio inalisha watoto wake.

Hiyo ndiyo ilikuwa maneno yote. Siku moja, jiko moja. Sista akasema tusianzie Magunga. Tuanzie mahali hatujulikani, Ouma azoeshe mdomo. Ouma ni mtu wa pole, anaongea kama mtu anakopesha maneno. Mimi mnanijua. Nikajiteua mlinzi.

MIGORI MPAKA OGWEDHI: KULA KWANZA

Kuna mtu wa ng'ombe pikap yake ilikuwa inaenda tupu kununua, tukapanda nyuma na jiko, makaa, unga, na chuma ya kuchomea. Harufu ya ng'ombe wa soko iliyopita ilikuwa bado inasafiri na sisi. Hapo nyuma tukapanga, na mpango ilikuwa yangu.

"Wacha wale kwanza," nikamwambia. "Wakishiba, ndio unasimama unasema. Watafanya nini? Chapati iko tumboni."

"Hiyo si kama kuwatega?"

"Ouma, wewe pika."

Soko ya Ogwedhi ukifika utaipenda. Mkuria, Mmasai, Mjaluo, Mluhya, Mkisii, kila mtu anaongea na ng'ombe wake kwa lugha ya mamake, halafu anageukia mnunuzi kwa Kiswahili. Ouma akawasha jiko kando ya zizi. Chapati ya kwanza ikishaiva, upepo ikafanya kazi ya kutangaza. Kuna mfanyabiashara mmoja Mkuria anaitwa Chacha, mtu wa kifua, fimbo kwa kwapa. Akala moja amesimama. Ya pili akakaa chini.

"Nani amepika hii?"

"Huyu hapa," nikasema.

"Wewe kijana, umeoa?"

"Bado, mzee," Ouma akasema.

"Basi usioe. Mke wako ataona aibu kuwasha moto mbele yako."

Watu wakacheka, wakala. Nilikuwa nimevimba kichwa kama mimi ndio nimekanda. Halafu Ouma akafuta mikono, akasimama, akasema kwa ile sauti yake ndogo: "Mimi nilikuwa mgonjwa wa akili. Nilivua nguo sokoni, nikafungwa kamba. Nikatibiwa, nikapona. Hiyo chapati mmekula ni ya mkono yangu."

Mtu mmoja akarudisha yake kwa sinia polepole, kama mtu ameshika kitu ya watu.

Chacha akasimama na fimbo yake mbele ya Ouma. "Mbona hukuniambia kabla nikule?"

"Ungekula?"

"Singekula."

"Na sasa umekula. Unasikia aje?"

"Nasikia njaa ya ingine," Chacha akasema. "Lakini umenicheza, kijana. Hiyo sikupenda."

Tungeishia hapo ingekuwa sawa kabisa. Shida ni jamaa mmoja wa kofia, yeye akaenda nyuma ya ng'ombe, akaingiza kidole kwa koo atapike. Mbele yangu! Baada ya kula mara tatu! Nikamfuata.

"Wewe! Unatapika chapati ya ndugu yangu?"

"Tumbo ni ya nani?"

"Chapati ni ya nani?"

Sikumpiga. Nataka hiyo ijulikane. Nilishika kofia tu, na kofia ilikuwa na kichwa ndani. Nikapiga kelele, nikaruka ruka, maneno ya Dholuo na Kiswahili ikatoka pamoja. Mara nasikia nyuma yangu mtu anaita: "Ameanza tena! Mshikeni mgonjwa! Leteni kamba!"

Kwanza sikuelewa mgonjwa ni nani. Halafu mikono ikanishika huku na huku. Kumbe hao wa nyuma hawakusikia vizuri. Walisikia tu kuna mwendawazimu amepona, wakaangalia, wakaona mmoja ametulia na aproni safi, na mwingine anatoa povu. Wakachagua mimi! Kamba ya ng'ombe ikaletwa kweli kweli, hata ikapita kwa mkono mmoja.

Hapo ndio nilisikia sauti sijawahi kusikia kwa Ouma.

"Hakuna mtu anafungwa hapa!"

Alikuwa ameacha chapati inaungua, na Ouma kuacha chapati iungue, hiyo pekee mngeogopa. Akavuta mikono ya shati juu mpaka kwa kiwiko, akainua mikono, watu wote waone. "Angalieni! Hii ndio kamba inafanya. Haifanyi kitu ingine. Mimi ndio mgonjwa aliyepona. Huyu hajawahi kupona, ndio vile amezaliwa!"

Chacha akacheka mpaka akashika fimbo. Yeye mwenyewe akanitoa kamba, akairudishia mwenye kamba, akamwambia, "Hii ni ya ng'ombe."

Kurudi Migori tulikuwa tumekaa juu ya gunia, mimi nasugua mkono. Ouma ameshateremsha shati, amefunga kifungo.

"Yule mzee wa fimbo ameongea ukweli," akasema. "Kutoka leo tunasema kwanza. Mwenye atakula akule akijua."

"Hawatakula."

"Basi hawatakula."

RANGWE: WAKANIOMBEA MIMI

Rangwe tulikuwa tumealikwa na kina mama wa kanisa la Sabato. Mkubwa wao ni Mama Dorka, na Sista Rose anamjua. Tulifaa kufika Ijumaa mchana. Lakini basi yetu ilitoboka tairi, wakaweka ile ya akiba, nayo ikakaa chini kama kuku anaatamia. Mimi nikamwambia kondakta kile nilikuwa nafikiria juu ya gari yake, na juu ya mwenye kuinunua, na juu ya kuzaliwa kwake. Kondakta akaniambia nishuke. Nikamwambia tumeshuka tayari, si gari imesimama? Ndani ya hiyo basi, kumbe, kuna mama wawili wa kanisa ya Mama Dorka, wamenyamaza, wanasikia kila neno.

Tukafika jua imeinama. Mama Dorka yuko mlangoni amejishika kiuno.

"Karibuni, wanangu. Ni nyinyi wa chapati? Jua ikizama moto inazimwa. Siku ya Sabato kwangu hakuna kupika."

"Mama, tumechelewa kidogo tu," nikaanza.

"Mimi sijasema mmechelewa. Nimesema jua."

Wale wanajua Sabato wanajua inaanza Ijumaa jioni, na chakula yote ya kesho lazima iwe imeiva. Yawa, Ouma akatupa begi chini. Mmewahi kuona mtu anakanda, anasukuma, anageuza, na makaa inaongezwa, yote na mikono miwili? Mimi nilikuwa wa kupepea moto. Mama Dorka amesimama anaangalia jua kama refa anaangalia saa. Watoto wa boma wakawa wanaimba hesabu ya chapati. Ya mwisho ilitoka kwa chuma, Mama Dorka akamwaga maji kwa makaa, jua ikaingia. Akamwangalia Ouma kutoka juu mpaka chini.

"Wewe umefunzwa kazi na nani?"

"Na njaa, mama," Ouma akasema. Hilo swali ni sifa, na kwa mwanamke wa Rangwe hupati kila siku.

Kesho yake baada ya ibada kina mama wakakaa kwa nyasi nyuma ya nyumba, chapati imefunikwa na kitambaa nyeupe. Ouma akasema yake kwanza, vile tulipatana. Akasema polepole, macho chini, kama mtu anatubu. Akamaliza, Mama Dorka akafunua kitambaa.

Hakuna mkono iliinuka. Mmoja akasema ameshiba. Mwingine akasema jino. Mwingine akasema hakuli ngano, na tumbo yake ilikuwa inatoa ushahidi tofauti. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu, kwa sababu niliahidi Ouma sitashika mtu kofia tena. Lakini mdomo ikatoka yenyewe.

"Jana nyinyi wenyewe mliona ikipikwa! Moto ilikuwa safi! Shida ni gani?"

Wakaangaliana. Wale wawili wa kwa basi wakanong'onezea Mama Dorka. Mama Dorka akatingisha kichwa na huruma nyingi, akasimama, akasema, "Dada zangu, tumwombee huyu kijana." Nikadhani ni Ouma, hata nikasonga wapite. Wakanijia mimi. Mikono ya mama wote ikaja kichwani yangu, nikasukumwa magoti.

"Ee Baba, mguse mtoto wako! Umemponya nusu, maliza! Mtolee hii roho ya makelele!"

"Mama, si mimi..."

"Nyamaza, inataka kutoka!"

Nikatafuta Ouma kwa macho katikati ya leso. Amegeukia ukuta, mabega inatingika. Nikafikiri analia, nikataka kuamka. Halafu akageuka. Ouma alikuwa anacheka! Tangu nimjue sijawahi kuona meno yake ya nyuma. Nikarudi magoti, nikasema Amina ya nguvu, waendelee hata mpaka jioni kama wanataka.

Hata walipoelewa ni nani alikuwa mgonjwa, wakaomba msamaha, wakacheka, lakini chapati hawakugusa. Wakaenda. Tukabaki tunaangalia kitambaa nyeupe.

Mama mmoja akarudi. Alisema amesahau leso, na leso ilikuwa mabegani yake. Akasimama karibu na Ouma, anaangalia barabara.

"Hizo sauti," akauliza, "zilikuwa zinakuambia nini?"

Ouma akamwambia. Sitaandika hapa, hiyo ilikuwa yake na yule mama.

"Msichana wangu," akasema, "mimi humfungia ndani. Watu wanajua ako kwa shangazi yake Kisumu." Akatoa leso mabegani. "Anapenda chapati."

Ouma akafunga chapati nzuri nzuri kwa leso ya yule mama, akamwambia siku Sista Rose anakaa hospitali, akamwambia mara mbili. Yule mama akaenda anatembea haraka. 

BONDE LA LAMBWE: SINDANO YA NANI ILIUMA

Kutoka Homa Bay tulipata lori ya chumvi na soda ikienda Magunga. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, tukafika kwa mto, daraja iko chini ya maji. Dereva akazima injini, akavua viatu, akalala. Basi. Ukiuliza tutaondoka lini anakuambia uulize mto.

Kwa hiyo bonde kuna mbung'o, wale nzi wa kuuma wenye wanaleta malale, ugonjwa wa usingizi. Wanauma juu ya nguo. Tulikuwa tunajipiga kofi kama watu wanagombana na wenyewe. Juu ya chumvi alikuwa amekaa mama mmoja anauza vyungu, Mama Pilista, mnene, sauti ya kengele. Akatuona vile tunapigana na nzi, akacheka.

"Nyinyi ni wageni. Mimi hawa walishanimaliza zamani. Nililala malale mimi!"

Lori yote ikageuka kusikia. Inaonekana ni hadithi wanaijua na wanaipenda.

"Nilisinzia mchana, usiku nikaamka nikaimba. Nikasahau jina ya mume wangu, na hiyo haikuwa hasara. Nikatoka uchi mpaka kwa boma ya chifu, nikamtukana kutoka babu yake mpaka ng'ombe yake. Kila kitu watu walikuwa wanataka kumwambia, nilisema mimi!"

Watu wakapiga makofi. "Na chifu akafanya nini?" mmoja akauliza, na anajua.

"Angefanya nini? Nilikuwa mgonjwa! Alitoa gari nipelekwe hospitali!"

Nikasikia joto ikipanda. "Mama, na nani alikufunga kamba?"

Akanishangaa. "Kunifunga? Kwa nini? Si nimekuambia nilikuwa mgonjwa?"

Nilitaka kuruka kutoka kwa hiyo lori niende nipige mto. Mtu amevua nguo, ametukana, ameimba, anapewa gari. Mtu mwingine amevua nguo, amehubiri, anapewa mawe. Nikafungua mdomo, Ouma akaweka mkono kwa goti yangu.

"Mama," akasema, "na mimi nilikuwa mgonjwa. Yangu haikuwa malale. Ilikuwa akili yenyewe." Akasema yote. Hii mara hakuangalia chini, sijui ni kwa sababu ya hadithi ya chifu.

Mama Pilista akavuta vyungu yake karibu na yeye. Niliona. Kila mtu aliona.  Halafu akauliza, bila kumwangalia: "Na wewe walikudunga sindano?"

"Walinidunga. Ya matako."

"Ya matako!" Akageuka mzima mzima. "Hiyo ni sindano? Mimi walinidunga ya uti wa mgongo! Nimekunjwa kama mbuzi, wanatoa maji kwa mgongo! Halafu dawa kwa mkono, inachoma kama pilipili imepita kwa mshipa!"

"Yangu, mama, nilikuwa nimeshikwa na wanaume wa kuangusha ng'ombe," Ouma akasema. "Sikukaa kwa kiti kwa siku nyingi. Nilikuwa nakula nimesimama kama punda."

"Punda! Mimi nilikuwa sisikii miguu!"

"Mimi ulimi ilikuwa imevimba, nikitaka kusema maji nasema mbwa."

Wakashindana hapo mpaka lori yote ikachagua pande. Wengine wako kwa mgongo, wengine wako kwa matako. Mimi nilikuwa wa matako, si mnajua, na nilitetea mpaka sauti ikapotea. Mwisho Mama Pilista akasema, "Kijana, umeumia, lakini mimi nimekushinda. Leta hiyo chapati unaficha kwa begi." Akala akijua, na akaitisha ingine.

Maji ikashuka, tukavuka. Ouma alikuwa amekaa juu ya chumvi, anatabasamu peke yake.

"Umeona?" akaniambia. "Kule Rangwe nilisema kama mtu ameiba. Huyu mama anasema kama mtu ameshinda."

MAGUNGA: SIKU YA SOKO

Kabla tuingie soko, Ouma alinisimamisha. "Hapa sitaki ufungue mdomo. Hata wakisema nini. Apa."

"Ouma..."

"Apa, ama urudi na hii lori."

Nikaapa. Hiyo ndiyo kazi ngumu nimewahi kufanya, na mimi nimewahi kubeba gunia za simiti.

Magunga hakuna wa kukosea mimi na Ouma. Tukipita, vinyozi wanasimamisha mkasi. Watoto wanakimbia mbele wanaita, "Janeko amerudi! Janeko!" ndio kusema mwendawazimu. Mimi nimeuma midomo mpaka nikasikia chumvi. Mama Akumu akatupokea kwa hoteli, amefunga kitambaa mpya kichwani, lakini macho yake iko kwa watu nje.

"Ouma, mwanangu, umenona. Jiko ni ile ile. Mimi nimefanya yangu."

Ouma akatoa jiko nje mbele ya mlango, kila mtu aone. Akakanda. Akasukuma. Sinia ikajaa. Watu wakajaa pia, lakini kwa mbali, wamezunguka kama watu wanaangalia nyoka. Hakuna mtu alikuja. Mama Akumu anaangalia sinia, anaangalia mimi. Saa sita ikapita. Nikaona anaanza kukunja kile kitambaa cha mpishi chenye alikuwa ameandalia Ouma. Alikuwa anakunja polepole, kama mtu hataki kuonekana.

Ouma naye akaona. Akaweka kifimbo cha kusukumia chini. Akafungua vifungo ya shati. Akakunja mikono, upande moja, upande ingine, mpaka kwa kiwiko. Mistari ile ikatoka.

"Mnafikiri sikumbuki," akasema.

Sijawahi kuona watu wanaganda hivyo. Kwa sababu hiyo ndiyo watu wanaaminianga: mwenye wazimu hakumbuki. Unaweza kumfanyia kitu yoyote, ni kama hukufanya.

"Nakumbuka yote. Mbuzi ilikula chapati na ikatapika, kwa hivyo mjue sikuwa nimeweka chumvi vizuri hiyo siku." Mtu mmoja akacheka, akajikamata. "Nakumbuka nilihubiri kwa hii barabara. Hakuna padri wala pasta amewahi kujaza watu hapa kama mimi. Uongo?"

"Ukweli!" Hiyo sauti naijua. Mama Pilista, huko nyuma na vyungu vyake.

"Nakumbuka watu. Wewe mama wa samaki omena, Min Achieng, uliniletea uji kwa kikombe ya bluu. Wewe Ojwang, ulivua koti yako ukanifunika. Ilikuwa na shimo hapa kwa kwapa." Kila mwenye ametajwa, wengine wanamgeukia, na yeye anainua kichwa. "Wewe mwalimu, ulifukuza watoto wenye mawe."

Akaenda hivyo, mmoja mmoja. Na mimi nikaelewa vile watu walikuwa wanajikunja. Hawakuwa wanaogopa wazimu tena. Kila mtu alikuwa anangoja zamu yake, na wenye walirusha mawe walikuwa wanaangalia viatu. Ouma akapita kwao na macho, mmoja mmoja, na hakutaja hata mmoja. Na mimi nilikuwa nasoma hizo sura kama redio imefunguliwa. Nilitaka majina! Ulimi ilikuwa imesimama kwa mlango ya meno.

"Kama ningelala malale mngenipa gari," Ouma akasema. "Na bado ningekuwa Ouma. Mimi nilikuwa mgonjwa, nimedungwa sindano za kuua punda, nimepona, na chapati kama yangu haiko mpaka Homa Bay. Mwenye anataka, aje. Mwenye hataki, aende na amani."

Hakuna aliyesogea. Halafu mtu mmoja akasukuma watu akaja mbele, mwanaume mkubwa, nyusi zote nyeupe na unga.

"Na mimi?" akasema. "Mimi hunikumbuki?"

"Nakukumbuka, Odoyo."

"Basi sema. Umesema wengine wote."

"Keti, nikupe chapati."

"Sema!"

Ouma akaweka chapati kwa chuma. Odoyo akageukia watu, unga inaanguka. "Ni mimi. Kamba ilikuwa yangu, ya kufunga magunia. Nilimfunga pale kwa mashine yangu, na nilikaza. Akaomba maji, nikasema mwendawazimu hajui kiu."

Huyo hapo. Miaka yote nimeuliza, na sasa amesimama mbele yangu, na mimi nimeapa. Damu ilipanda mpaka masikio ikaziba. Nikasimama. Ouma hakuniangalia hata kidogo. Alikuwa anageuza chapati kwa chuma, moja, nzuri, ya maji maji ya mafuta. Akaiweka kwa sahani mbele ya Odoyo.

"Jared," akaniita, na hajawahi kuniita na jina yangu, "huyu mgeni hana chai."

Nikaenda ndani. Nilikaa na hiyo birika kidogo. Mama Akumu alikuja mlangoni kuniangalia, nafikiri alifikiri nitaweka kitu mbaya kwa chai. Nikamimina, nikatoka, nikaweka mbele ya Odoyo.  Na niliweka sukari. Niliweka sukari ya kutosha.

Odoyo alikula na machozi inaingia kwa chapati, na hakuacha hata kipande. Mama wa omena akafuata, akasema kikombe yake ya bluu bado iko na hakuna mtu ameinywea. Mwalimu. Ojwang na koti. Halafu watu wakawa wanasukumana, na mimi ndio nabeba sahani, nabeba chai, nakanyagwa, mdomo imefungwa. Wale watoto wa kuita Janeko walikuwa wa kwanza kwa foleni, wanaita, "Ouma! Ouma, mimi na mdogo wangu!"

Unga ikaisha kabla soko imalizike. Odoyo alienda akafungua mashine yake, akaleta debe mabegani, lakini ilikuwa ya mahindi. Ouma akamwangalia, akacheka, akasema, "Sawa, tupike ugali."

Mama Akumu akatoka nje. Alitoa kile kitambaa, akakikunjua, akamfunga Ouma kwa nyuma, fundo ya nguvu.

KURUDI

Nilirudi peke yangu. Mto ilikuwa imelala, nzi waliniuma, kwa basi sikugombana na mtu. Muulizeni kondakta.

Ouma alibaki na jiko. Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka kwa lori, amevaa fulana, mikono nje kabisa, anasalimiana na kila mtu njiani na hizo alama zake. Akanipa mfuko. Ndani ni shati zake zote za mikono mirefu.

"Sina kazi nazo tena," akasema.

Ndio hizi mnaniona nazo kila siku hapa stendi. Najua mikono inafika kwa vidole. Najua vile Were anasema nyuma yangu. Mwenye anataka kucheka aje acheke hapa mbele, aniambie yeye ana ndugu wa aina gani.